Usiingie Rompuwe kwa Macho ya Konvuayere

Ninyi vijana mnaotafuta permi ya kuendesha gari katika mji huu wa Goma, naomba kwanza niweke jambo moja sawa, kwa maana limesemwa vibaya muda mrefu. Hapa Murara, ninakoishi tangu nilipostaafu, watu hunionyesha kwa kidevu na kuambiana: "Ule muzee njo alikuwa anaangushaka batu ku egzame." Hilo ni kweli, na silikani. Kazi yangu katika ofisi ya uchukuzi ilikuwa kuwapima madereva, na niliwaangusha wengi. Kisicho kweli ni kile kinachoongezwa baadaye, kwamba niliwaangusha kwa roho mbaya. Niliwaangusha kwa sababu nilikaa pembeni mwao walipokuwa wakikaribia rompuwe, yaani ule mzunguko ambamo barabara kadhaa hukutana, nikaangalia wao wanaangalia nini. Wengi wao hawakuwa wakiangalia chochote. Walikuwa wakitumaini.

Kwenye barabara iliyonyooka mtu yeyote anaweza kunidanganya. Atashika volani, yaani usukani, kwa mikono miwili, atakaza shingo, atapiga honi mahali panapostahili, nami nitadhani ni dereva. Rompuwe ndiyo inayomfunua, kwa sababu pale analazimika kuamua, na uamuzi wake unaonekana machoni kabla haujafika miguuni.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Papa Cirhuza, mtu wa upande wa Bukavu kama mimi, aliyevaa koti la kijivu hata jua lilipokuwa kali. Sijapata kumwona mtu mwenye mashaka kama yake. Aliyashuku hata magari yaliyoegeshwa. Tukipita karibu na lori lililosimama, alinivuta mkono akisema, "Hiyo haijalala, inapumzika tu." Nilicheka mwanzoni. Siku lori mojawapo liliporudi nyuma bila mtu kuonekana ndani, niliacha kucheka.

Papa Cirhuza alikuwa na desturi moja ambayo ofisi haikuiandika popote. Kabla mtahiniwa hajaingia garini, alimzungusha rompuwe nzima kwa miguu, yeye mwenyewe akimfuata nyuma na mwavuli wake. Siku moja alikuja mfanyabiashara mwenye tai na viatu vinavyong'aa, akakataa katakata.

"Papa, nilikuya kufanya egzame ya gari, hapana ya miguu."

Papa Cirhuza alimtazama viatu kwanza, kisha uso. "Leo utazunguka na miguu, ao utazunguka nayo maisha yote. Chagula."

Yule bwana alizunguka. Aliporudi, vumbi jeusi la volkeno likiwa limefika kwenye suruali, Papa Cirhuza alimuuliza gari gani lilimtisha zaidi. Akajibu kwamba ni lile lililotoka kwenye mzunguko, si lile lililoingia, kwa sababu lilimkuta akivuka mahali pa kutokea na dereva alikuwa tayari anafikiria mbele. "Vizuri," akasema Papa Cirhuza. "Sasa wewe ukitoka, kumbuka kwamba pale kuna mutu anavuka." Somo hilo hamtalipata kwa kukaa kitini.

Ngoja niwaeleze njia yenyewe, ili asije mtu akasema muzee alituletea hadithi bila kazi. Punguza mwendo mapema, mbali na mzunguko, wakati bado huna sababu ya kuupunguza. Sisi tunaendesha kuume, kwa hiyo walio ndani ya rompuwe watakujia kutoka kushoto. Pale penye ile alama ya pembetatu nyeupe, ukingo mwekundu na ncha chini, aliye ndani hupita kwanza, nawe unangoja. Kama unatokea barabara ya kwanza, kaa upande wa nje. Kama unazunguka zaidi, ingia ndani kidogo, kisha rudi nje polepole kabla ya kutoka, ukiwasha klinyota ya kuume, ile taa ya kuonyesha unakokata. Usisimame katikati kumsalimia shemeji. Usijibane na lori refu, kwa maana kichwa chake kinakwenda huku na mkia unafagia kule. Na ukikosa mahali pa kutokea, zunguka tena. Hakuna aliyekufa kwa kuzunguka tena. Ila nimewaona wanaume wazima wakirudi kinyumenyume ndani ya rompuwe kwa sababu waliona aibu ya kuzunguka mbele ya abiria.

Kuhusu klinyota, msiiamini ya mtu mwingine. Tazameni gurudumu lake la mbele linaelekea wapi. Nilipata mtahiniwa aliyeondoka ya kuume ikiwaka, akaizunguka rompuwe yote hadi tulipoanzia, nayo ingali inawaka. Nikamuuliza ilikuwa inamwambia nani nini.

"Miye nilikuta inawaka, Papa," akanijibu kwa heshima kubwa. "Nilifikiri ni ya gari."

Nimetaja ile pembetatu yenye ncha chini. Palikuwa na rompuwe moja ambayo alama hiyo ilitoweka. Basi ikawa vita. Madereva wa zamani, waliofundishwa kwamba anayetoka kuume ndiye mwenye haki, waliingia bila kungoja. Wale wengine waliokwisha kuzoea kwamba aliye ndani ndiye mwenye haki, nao hawakusimama. Kila mmoja alikuwa na sheria yake, kila mmoja aliisema kwa sauti, na taa za mbele zilivunjika kwa haki kabisa pande zote mbili. Nilipeleka malalamiko kwa maandishi. Wakati nikingoja jibu nilipita karibu na mama mmoja anayechoma mahindi, nikaona babula yake, ile ya bati ya kuwekea makaa, ina ukingo mwekundu na tumbo jeupe. Sikusema aliichukua yeye, wala sisemi leo. Nilisema tu kwamba rangi ile naijua. Mama akanipa hindi bila kuulizwa, jambo lililonizidishia mashaka. Sikulila.

Fundisho lake ni hili: alama inaweza kuwa haipo, na haki yako inaweza kuwa kichwani mwako peke yako. Mngojee mtu hadi uone kwamba naye anakungojea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mtoto wa marehemu dada yangu, Zawadi, ameolewa na kijana anayeitwa Bahati. Bahati ni dereva. Mimi sikumpima, alipata permi yake baada ya kustaafu kwangu. Aliipataje, sitaandika, kwa kuwa sina ushahidi. Alikuwa akiendesha basi dogo la abiria, mojawapo ya yale yaliyotengenezwa kwa nchi zinazopita kushoto, ambayo volani yake iko kuume. Mnayajua, mji umejaa. Fikirini hesabu yake. Hatari ya rompuwe inatoka kushoto. Dereva amekaa kuume. Kati ya macho yake na kushoto kuna abiria mmoja, mara nyingi wawili, na mfuko wa mihogo juu ya magoti. Haoni kitu.

Ndipo watu wetu walipobuni dawa yao. Konvuayere, yule anayeita abiria na kufungua mlango, husimama kwenye mlango ulio kushoto. Yeye anaona. Gari likifika rompuwe anapiga kelele, "Vide!", yaani hakuna kitu, na dereva anakanyaga mafuta. Asipoliita neno hilo, dereva anangoja. Watu wazima, wenye watoto, wanaingia kwenye mzunguko wa magari kwa macho ya kuazima, na hakuna anayeona ajabu.

Siku hiyo, kwenye rompuwe ya chukudu, pale penye sanamu tunayopiga nayo picha siku za arusi, konvuayere wa Bahati aliita "Vide!" na Bahati akaingia. Akagonga chukudu, si ile ya dhahabu iliyo kwenye sanamu, bali ya kweli, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, iliyokuwa imeshuka kutoka Kibati na viloba vya makaa. Mwenyewe, Papa Sebahire, mtu wa Rutshuru, alivunjika mguu. Umati ulikusanyika, na namshukuru Mungu kwamba miongoni mwao walikuwepo watu wenye akili, la sivyo Zawadi angekuwa mjane. Tajiri wa basi alichukua funguo zake. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa Bahati gari lolote. Alishinda nyumbani, na kila aliyemuuliza alimjibu sentensi ileile:

"Konvuayere alisema iko vide."

Sentensi hiyo niliishuku tangu niliposikia mara ya kwanza. Sikuishuku kwa kuwa ni ya uongo. Niliuliza, na ilikuwa ya kweli, abiria wote waliisikia. Niliishuku kwa sababu aliisema haraka mno, kama mtu anayetoa kitambulisho. Nilimtafuta yule konvuayere pia. Hakujificha.

"Gari haikukuwa, Muzee. Nilisema vide juu gari haikukuwa."

"Na chukudu?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Chukudu? Chukudu inasimamaka, Muzee."

Mnaelewa? Kwake neno "vide" lilikuwa na maana ya magari tu. Chukudu haikuingia katika hesabu, kwa sababu amezoea kwamba maskini ndiye anayesimama. Lakini chukudu yenye viloba inayotoka kwenye mteremko haisimami. Breki yake ni kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa kisigino. Mwenye chukudu huwaomba watu njia kwa mdomo, basi.

Nilipanda hadi Kibati kumwona Papa Sebahire mwenyewe, kwa kuwa sipendi habari ya upande mmoja. Nilimkuta amekaa barazani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Hakuwa na hasira, jambo ambalo nililishuku kidogo pia.

"Miye nilimuona," akaniambia. "Nilipiga makelele. Ye hakuniona. Alikuwa anaangalia mudomo ya konvuayere."

Nilirudi na maneno hayo, nikayaweka.

Kisha akatokea Mama Nsimire. Huyu ni mfanyabiashara wa samaki pale Kituku, mwanamke asiyerudia neno. Dereva wake alikuwa amehamia Butembo, na gari lake dogo la kubebea mabeseni ya samaki lilikuwa limesimama. Volani kuume, bila shaka. Zawadi alikwenda kumwomba kwa ajili ya mume wake. Mama Nsimire alimjibu mbele ya watu: "Nitamupa funguo kama muzee wa Murara anasema ndiyo. Kama anasema hapana, ni hapana." Hakuna mlango mwingine uliokuwa umebaki, na Zawadi alilijua hilo. Alikuja kwangu mtoto mgongoni, akakaa, akakataa chai.

"Papa, sema tu ndiyo. Ni neno moja."

"Neno moja ndilo lililomvunja Sebahire mguu," nikamjibu.

Akainamisha uso. Sikufurahi kumwona hivyo, lakini sikubadilisha jibu. Nilisema nitampima Bahati kama nilivyowapima wengine.

Mama Nsimire alituazima gari. Nilikaa kushoto, kofia magotini. Bahati aliendesha vizuri kutoka Kituku, na sikulihesabu hilo, kwa sababu alijua ninamtazama. Tulipokaribia rompuwe ya chukudu alipunguza mwendo mapema, kama inavyotakiwa. Kisha akafanya kosa ambalo wote wenye magari haya hulifanya: aliielekeza pua ya gari kuume, tayari kwa kuingia, kabla ya kusimama. Ukifanya hivyo, kushoto kote kunahamia nyuma ya sikio la abiria wako. Akasimama. Akangoja.

Mimi nilitazama kofia yangu.

"Muzee," akasema. "Iko vide?"

Sikujibu. Nyuma yetu honi zilianza. Motari mmoja, dereva wa pikipiki aliyebeba abiria na godoro, alijipenyeza hadi dirishani. "Ba papa, muko nalala ao muko nasali?"

"Muzee, weye njo uko unaona. Iko vide ao haiko vide?"

Nilikagua ukingo wa kofia, ambao ulikuwa umeanza kufumuka. Nyuma yetu mtu alitaja kabila la mama yangu, kimakosa.

"Muzee, batatupiga," Bahati akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Halikuwa tena swali la rompuwe. Nadhani alikuwa amerudi kwenye siku ile nyingine. Nilitaka kumsaidia. Nawaambieni wazi kwamba nilitaka, na neno lilikuwa kwenye ulimi, maana upande wangu kulikuwa wazi kabisa.

Nikakaza macho kwenye kofia.

Mwishowe akavuta pumzi. "Rudisha kichwa nyuma, Muzee." Nikakirudisha. Akakunja volani, akasogeza gari kidogo kabisa hadi pua iliponyooka, akalaza kifua chake juu ya volani, akatazama kushoto kwa macho yake mwenyewe. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Kisha akaingia, akazunguka, akamwachia njia mama aliyekuwa akivuka mahali pa kutokea, akatoka.

Zawadi alikuwa akitungoja mlangoni kwangu.

"Nitatoa jibu," nikamwambia.

"Aliingia, akazunguka, akatoka. Unataka nini tena, Papa?"

"Nataka kuona anachofanya kama siko."

"Sasa kama hauko, utaona namna gani?" Akacheka, lakini si kwa furaha, akaingia ndani kumlaza mtoto. Bahati alibaki amesimama karibu na gari, funguo mkononi, kama mtu aliyeshikishwa kitu cha wengine.

Mama Nsimire alikubali kumwachia gari kwa majaribio hadi nitakaposema neno langu. Akampa na mtu wake wa kupakia mabeseni, Safari, mwanaume mwenye mvi kidevuni na sauti ya kuamrisha, aliyekuwa konvuayere maisha yake yote.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kusimama kwenye rompuwe. Nilichagua mwavuli wa dada mmoja anayeuza yuniti za simu, mahali gari la kutoka Kituku linaposimama karibu kiasi cha kusikia watu wakizungumza ndani. Dada huyo alinivumilia kwa muda, kisha mashaka yakamzidi.

"Muzee, unangoya nani?"

"Ninangoja gari."

"Gari zimepita mingi."

"Si yenyewe."

Akanikagua kofia, koti, viatu. "Weye uko mutu wa ofisi gani?"

"Nimestaafu, binti yangu."

"Batu ya ofisi habastaafuke," akasema, akahamisha kiti chake mbali kidogo. Sikumlaumu. Katika mji huu ningefanya vilevile.

Lile gari likaja. Nilijificha nyuma ya mwavuli, bila aibu yoyote. Safari alikuwa amekaa kushoto, nusu ya mwili nje ya dirisha, na kabla gari halijasimama alikuwa ameanza: "Vide! Pita, pita, samaki itaharibika!"

Gari lilisimama. Pua ilikuwa imenyooka.

"Nimesema vide!"

Niliuona mkono wa Bahati. Uliwekwa kwenye kifua cha Safari, taratibu, kama unavyomrudisha mtoto kitandani, ukamsukuma hadi mgongo ukagusa kiti. Bahati akainama juu ya volani, akatazama.

Nami nilitazama. Hapakuwa na gari. Hapakuwa na pikipiki, wala mtu wa miguu, wala chukudu yoyote isipokuwa ile ya dhahabu. Safari alikuwa amesema kweli tupu.

"Haunisadiki?" Safari akamuuliza, amekasirika.

"Ninakusadiki," Bahati akajibu. "Sasa nimeona." Akaingia.

Nilimshukuru dada wa yuniti, ambaye hakuitika, nikatembea hadi Kituku kwa miguu yangu na kumwambia Mama Nsimire: ndiyo. Hakuniuliza sababu. Jioni Zawadi alinijia na samaki waliofungwa katika jani la mgomba, akataka kujua nimeonaje kama sikuwepo. Nikamwambia samaki wanapoa.

Bahati anaendesha gari hilo hadi leo. Amepanda Kibati kumwona Papa Sebahire. Walizungumza nini sijui, kwa kuwa sikuwepo na hakuna aliyeniambia. Hajajua kwamba asubuhi ile nilikuwa chini ya mwavuli. Atajua sasa, akisoma. Na ajue pia kwamba miguu yangu bado ina nguvu, kwamba dada wa yuniti amenizoea na ameniwekea ndoo ya kukalia, na kwamba sitamwambia ni siku zipi ninakwenda. Ninyi nanyi vijana sitawaambia. Mkifika pale, nyoosheni pua ya gari na mtazame kushoto wenyewe.